Chombo cha GPS: Tununue Kipi?

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Siwabishii wahenga, lakini nadhani waliosema hivyo walikuwa na majembe kadhaa nyumbani. Mtu mwenye fedha za jembe moja tu, tena fedha za kuchangiwa, hana budi kuchagua. Hapo ndipo tulipo sisi wanachama. Kwa muda wa miaka miwili Chama cha Jiografia na hiki chetu cha Kiswahili vimeuza miche ya miti na njugu siku za wazazi, senti kwa senti, na sasa sandukuni mna fedha za kununua chombo kimoja cha GPS cha kushika mkononi, kwa ajili ya mchezo wa kutafuta makasha. Kimoja, si viwili. Baadhi yetu wanataka kile chenye rangi nyingi. Wengine wanasema tununue chochote kile mradi kiwe rahisi. Wako pia wanaosema tusinunue kabisa, tuchinje mbuzi tule. Mwalimu wetu mlezi alinipa kazi ya kulichunguza jambo hili na kulieleza humu jaridani kabla kamati haijakata shauri. Basi ndugu msomaji, kaa kitako nikueleze.

MCHEZO WENYEWE NI UPI?

Jina lake la kigeni ni jiokashingi, lakini sisi hapa shuleni tumeuita mchezo wa makasha na jina limekaa. Mtu huficha kasha dogo lisilopitisha maji. Ndani huweka daftari na vitu vidogo vidogo kama kalamu, vifungo au shanga. Kisha hutangaza nambari za mahali pale, yaani latitudo na longitudo. Mwingine huziingiza nambari hizo katika chombo chake na kufuata mshale hadi karibu na kasha. Hapo macho yake ndiyo humalizia kazi. Akilipata huandika jina na tarehe daftarini. Akichukua kitu huacha kingine chenye thamani ile ile au zaidi, halafu hulirudisha kasha pale pale alipolikuta.

Umri wa mchezo huu si mkubwa. Serikali ya Marekani, ambayo ndiyo mwenye setilaiti za GPS, hapo awali ilikuwa ikizipotosha kwa makusudi ishara wanazopokea raia, hata mtu akaweza kukosea kwa mita 100 hivi. Upotoshaji huo ulizimwa tarehe 2 Mei 2000. Kesho yake, tarehe 3 Mei, Bwana Dave Ulmer alificha ndoo katika jimbo la Oregon na kuzitangaza nambari zake. Ndani alikuwa ametia vitabu, chakula, fedha kidogo na hata manati. Haikuchukua siku nyingi watu wakaipata. Leo makasha yamefichwa duniani kote, Kenya ikiwamo.

Kwetu sisi mchezo huu una faida nyingine. Latitudo tunayoikariri darasani, hapa unaikanyaga kwa miguu.

CHOMBO KINAJUAJE ULIPO?

Sisi wa Busia tunazijua radi vizuri. Ukiona umeme ukaanza kuhesabu moja, mbili, tatu, hadi usikie ngurumo, waweza kukadiria umbali wake, kwa kuwa sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. GPS hufanya hesabu ya jinsi hiyo. Setilaiti zake ni zaidi ya 24, nazo huizunguka dunia mara mbili kwa siku zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200. Kila moja hutangaza saa yake na mahali ilipo. Ishara yake husafiri kwa kasi ya mwanga, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo hutufikia kabla sehemu moja ya kumi ya sekunde haijatimia. Chombo hupima kuchelewa huko na kupata umbali wa kila setilaiti. Zingetosha tatu kama saa ya chombo ingekuwa kamili kama zile za setilaiti. Kwa kuwa saa yake ni ya bei nafuu, huhitaji setilaiti ya nne ili kuisahihisha.

Shika jambo moja hapa: chombo hupokea tu, hakitumi neno lolote. Hakihitaji laini ya simu, wala salio, wala intaneti.

Mahali petu pia ni pazuri kwa kazi hii. Tuko karibu na Ikweta, na setilaiti hutawanyika pande zote za anga letu, ilhali mtu wa London hukuta pengo upande wa kaskazini. Tatizo letu huja baada ya jua kutua, kwani hewa ya juu sana katika maeneo ya Ikweta huchafuka na kuzitikisa ishara. Kwa hiyo ukitaka kupima mahali pa kuficha kasha, pima mchana.

MBONA TUSITUMIE SIMU?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi, tena ni swali la haki. Simu nyingi za kisasa zina kipokezi cha GPS ndani yake, na mahali peupe hukosea kiasi cha mita 5 tu. Mwenye nayo nyumbani na aanze nayo likizoni, asinunue kitu. Lakini shuleni kwetu simu haziruhusiwi, na sijaona dalili kwamba zitaruhusiwa kesho. Hiyo ni sababu ya kwanza.

Sababu ya pili ni betri. Simu ikiwasha kioo na GPS kwa pamoja, kabla ya jioni imekata roho. Ya tatu ni ya huku kwetu mpakani. Aliyewahi kusimama Sofia au karibu na daraja la Malaba anajua jinsi simu inavyoruka na kushika mtandao wa Uganda. Kupata mahali ulipo hakutegemei mtandao, lakini ramani unayoishusha hapo hapo inautegemea, na waweza kukuta salio limeliwa kwa bei ya ng'ambo. Chombo cha GPS hakijui mtandao wa Kenya wala wa Uganda. Kinazijua setilaiti tu.

MAMBO YA KUTAZAMA

Kwanza, betri. Chagua kinachotumia betri ndogo za AA, zile za saa ya ukutani. Hizo zapatikana katika kila duka, Malaba hadi Port Victoria, na stima ikipotea hukwami. Garmin eTrex 10, iliyotolewa mwaka 2011, hutumia mbili na hukaa kiasi cha saa 25. eTrex SE ya mwaka 2023 hutumia hizo hizo mbili, na watengenezaji wanasema hufika saa 168. Chenye betri ya ndani ni kizuri nacho, ila betri hiyo ikizeeka baada ya miaka michache utamtafuta fundi kwa tochi. Mfano wangu ni Garmin kwa sababu ndio nilioufuatilia, si kwamba nimelipwa.

Pili, uso wa chombo. Usiutazame dukani chini ya taa. Utazame nje saa sita mchana. Uso wa rangi moja unaosomeka juani unafaa kuliko wa rangi kumi unaokuonyesha uso wako mwenyewe.

Tatu, maji. Tafuta alama ya IPX7. Maana yake ni kwamba chombo kimepimwa kikavumilia kuzama mita moja majini kwa nusu saa. Mvua zetu za Machi hadi Mei hazina huruma, na Mto Sio hauna adabu.

Nne, dira. Vyombo vya bei nafuu kama eTrex 10 havina dira ya ndani. Ukisimama, mshale wake hauwezi kujua umeelekea wapi. Sharti utembee ndipo ujisahihishe. Vingine, kama eTrex 32x na eTrex SE, vina dira ya kielektroniki. Dira ni starehe nzuri, lakini si lazima. Ukijua kwamba lazima utembee hatua kumi kabla ya kuuamini mshale, utafika tu.

Tano, mifumo ya setilaiti. Mbali na GPS ya Wamarekani kuna GLONASS ya Warusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya Wachina. Chombo kinachopokea angalau miwili kitakufaa chini ya miembe na mikaratusi, mahali ambapo majani hufunika anga. Lakini muuzaji akikusifia kitu kinachoitwa WAAS, usiongeze hata shilingi. Mfumo huo wa masahihisho ulijengwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini. Kuulipia hapa Busia ni kama kununua koti la theluji.

Sita, namna ya kuandika mahali. Mchezo wa makasha hutumia digrii na dakika zenye desimali tatu. Kwetu, karibu na Ikweta, dakika moja ni kama mita 1,850, iwe ya latitudo au ya longitudo. Kwa hiyo tarakimu ya mwisho kabisa ni mita 1.85, sawa na hatua mbili tatu hivi. Angalia sana herufi N na S. Mji wa Busia uko karibu dakika 28 kaskazini ya Ikweta, na Malaba karibu dakika 38. Ukiandika S badala ya N kwa kasha la Busia, mshale utakupeleka zaidi ya kilomita 100 kusini, ukalitafute kasha lako ziwani Viktoria kwenye eneo la visiwa vya Mfangano na Rusinga! Wanaosafiri kwa matatu kwenda Kisumu wanaijua ile alama ya Ikweta pale Maseno. Hapo ndipo N inapogeuka S.

Rangi, muziki, picha na kumbukumbu kubwa sikuziweka katika orodha hii. Ni mapambo. Ukiwa na fedha za ziada, vyema. Kama huna, hukupungukiwa na kitu.

MITA 300 ZINAZOPOTEA

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wauzaji hawalitaji, na ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko yote sita niliyoyaeleza. Naomba unifuate polepole.

Dunia si mpira kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha zake. Ili kuandika latitudo na longitudo, wapima ardhi kwanza hukubaliana juu ya umbo la dunia na mahali pa kuanzia kupima. Mapatano hayo huitwa datamu. GPS hutumia datamu iitwayo WGS 84, ambayo ni ya dunia nzima. Lakini zile ramani za kipimo cha 1:50,000 tunazosomea Jiografia zilichorwa kwa datamu ya zamani ya Afrika Mashariki, iitwayo Arc 1960. Msingi wake ni upimaji uliofuata longitudo 30, ule mstari unaopita magharibi mwa Uganda. Soma maandishi ya pembezoni mwa ramani, utaiona imetajwa.

Mahali ni pale pale, mti ni ule ule, lakini nambari za datamu hizi mbili hazilingani. Kwetu zinatofautiana kwa mita 300 hivi, karibu zote katika mwelekeo wa kaskazini na kusini. Ukichukua nambari za WGS 84 ukazitia alama kwenye ramani ya Arc 1960, alama yako itaangukia kusini ya mahali halisi. Kwenye ramani ya 1:50,000 mita 300 ni milimita 6. Ni kitu kidogo, unaweza kukifunika kwa kifutio. Lakini shuka sasa ardhini. Ukiwa Turkana mita 300 ni mchanga juu ya mchanga. Ukiwa Malaba, ambako mto ndio mpaka, zatosha kukutoa ng'ambo hii hadi ng'ambo ile. Umetoka nchi moja ukaingia nyingine kwa milimita 6 za karatasi.

Dawa yake ni rahisi, mradi chombo kiwe na uwezo huo. Katika menyu ya vyombo vingi kuna mahali pa kuchagua datamu, na katika orodha utaikuta ARC 1960. Kuna pia mahali pa kuchagua namna ya kuandika, na hapo utachagua UTM, ile miraba ya kilomita moja tunayoifahamu. Busia iko katika kanda ya 36. Tuseme chombo kikuonyeshe 623400 mashariki na 51200 kaskazini, ambalo ni eneo la mji wa Busia. Kutoka nambari ya kwanza chukua 234, kutoka ya pili chukua 512, na hiyo 234512 ndiyo ile tarakimu sita ya ramani aliyotufundisha mwalimu. Chombo na ramani sasa vinasema lugha moja.

Tukitafuta kasha lililotangazwa na mtu mwingine tunairudisha WGS 84, kwa kuwa makasha yote hutangazwa kwa hiyo. Tukifanya kazi na ramani ya darasani tunaweka Arc 1960. Kwa hiyo nasema hivi: chombo kisichoruhusu kubadili datamu kisinunuliwe na chama chetu, hata kikiwa na rangi za upinde wa mvua. Kabla ya kulipa, fungua menyu uione ARC 1960 kwa macho yako mwenyewe. Usikubali kuuziwa mbuzi ndani ya gunia.

UKINUNUA KILICHOTUMIKA

Fedha zetu huenda zisitoshe chombo kipya, na kilichotumika si dhambi. Ila kijaribu hivi.

Kitoe nje ukiweke peupe. Kilicholala miaka mingi kinaweza kuchukua robo saa kabla hakijajua kilipo, maana orodha nzima ya setilaiti huchukua dakika 12 na nusu kuipokea. Usiwe na haraka. Wakati unangoja, fungua kifuniko cha betri utazame kama vyuma vina kutu ya kijani. Bonyeza kila kitufe.

Kikishapata mahali, itazame tarehe. GPS huhesabu majuma hadi 1,023 kisha huanza tena sifuri, yaani kila baada ya miaka 19 na miezi kadhaa. Ilianza upya Agosti 1999, ikaanza tena Aprili 2019. Chombo cha zamani ambacho hakikurekebishwa hudhani kwamba bado tuko karibu miaka 20 nyuma. Kosa la tarehe si lazima likiharibu chombo, kwani mahali paweza kuwa sahihi kabisa. Lakini linakuambia umri wake, na umri hupunguza bei.

Halafu kijaribu kwa miguu. Hifadhi mahali uliposimama, tembea hatua 200, kisha urudi kwa kufuata mshale pekee. Kikikurudisha ndani ya hatua kama kumi, ni kizima. Kikikutupa mbali zaidi mahali peupe, mrudishie mwenyewe kwa heshima.

Jumamosi moja nilimpata mzee anayeuza vifaa vya mitumba sokoni Busia. Akaniambia, "Mwanangu, hiki ni cha Ulaya, hakiharibiki."

Nikamwomba, "Mzee, naomba tukiweke juani robo saa, tafadhali."

Akacheka sana. "Kwani unanunua chombo ama unaoa?"

Hata hivyo aliniruhusu, na majirani zake wakaacha omena na viatu vyao wakaja kutazama. Tarehe ilikuwa nyuma karibu miaka 20, nikamweleza sababu. Mahali palikuwa sahihi. Kwenye menyu ARC 1960 ilikuwamo. Lakini waya wake wa kompyuta ulikuwa wa aina ya zamani yenye tundu pana la pini tisa, ambalo kompyuta za sasa hazina, hivyo kila nambari ingebidi kuingizwa kwa mkono. Mzee mwenyewe akasema, "Sasa umenifundisha biashara yangu." Bei aliyonitajia mwishoni haikuwa ile ya mwanzo. Sikununua, kwa kuwa fedha si zangu peke yangu, lakini nimeiandikia kamati.

KUHUSU MPAKA

Ndugu msomaji, huu mpaka ndio unaotulisha. Neno boda boda lenyewe, ambalo sasa lasikika Afrika Mashariki nzima, lilitokana na waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu na mizigo hapa mpakani. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso wako pande zote mbili, na shangazi wa mtu huweza kuwa ng'ambo akasikia jogoo wa nyumbani akiwika. Hadi mwaka 1902 huku kwetu kulihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda. Mstari ndio uliohama, watu hawakuhama.

Hata hivyo mstari ni mstari. Mwaka 2009 Kenya na Uganda zilituma wapima ardhi wao kwa pamoja kwa sababu ya Migingo, kisiwa kisichofika hata ekari moja. Wataalamu wenye vyombo vya bei kubwa walihitajika kwa kazi hiyo. Hivyo basi, asitokee mwanachama wetu na chombo chake kidogo akaanza kumwonyesha mwenye shamba mpaka wa nchi umepita wapi. Mstari uliochorwa ndani ya chombo ni picha tu, hauna mamlaka.

Tukianza kuficha makasha yetu, napendekeza masharti manne. Kasha lisikaribie kituo cha forodha, foleni ya matrela, reli wala daraja. Kituo cha pamoja cha Busia kilichozinduliwa na marais wawili Februari 2018 si mahali pa mchezo, na kijisanduku kilichofungwa kwa utepe mweusi kando ya trela la mafuta kitawaleta polisi kabla ya kumleta mchezaji. Pili, mwenye ardhi aombwe ruhusa kwanza, na kasha lisifukiwe chini ya udongo. Tatu, liwe la plastiki inayoonyesha vilivyomo, na juu yake tuandike kwa Kiswahili kwamba ni mchezo wa wanafunzi. Nne, kila kasha liwe angalau kilomita moja ndani ya Kenya. Sharti hili la mwisho nimelifikiria sana. Kilomita moja ni zaidi ya mara tatu ya zile mita 300. Hata mwanachama mpya akisahau kubadili datamu, kosa lake litamtia ndani ya mihogo ya mtu, halitamvusha mpaka bila kibali. Mihogo tunaweza kuiombea radhi.

MAONI YANGU KWA KAMATI

Tununue chombo rahisi cha betri za AA, chenye IPX7, uso unaosomeka juani, kinachopokea angalau mifumo miwili ya setilaiti, na ambacho menyu yake ina ARC 1960 na UTM. Kikiwa na dira ya ndani, shukrani. Kikikosa, tutatembea. Fedha zitakazobaki tununue betri za kuchaji pamoja na chaja yake, kamba ya kukivaa shingoni, na ramani moja ya eneo letu ya 1:50,000. Bila ramani hiyo chombo kitakuwa kama mtu anayekutajia nambari ya nyumba bila kukutajia mtaa.

Kiandikwe katika daftari la vifaa, kikae kwa mwalimu mlezi, na kila anayekiazima atie sahihi. Mwenye maoni tofauti na anijie, au ayapeleke kwa katibu kabla ya mkutano. Kuuliza si ujinga, na fedha hizi ni jasho letu sote. Ama kuhusu mbuzi, nawasihi wenzangu wavute subira. Tutakapolificha kasha letu la kwanza na mgeni kutoka mbali akaja kulitafuta, hapo tutamchinja.